Maziwa ya Asubuhi, Maziwa ya Jioni

Kwetu Kinangop siku ilianza saa kumi alfajiri. Mama aliwasha koroboi, akapasha maji ya kuosha viwele, kisha akaniita: "We, amka! Ng'ombe hangoji jua." Kazi yangu ilikuwa kuzuia ndama wasinyonye yote, kutia nyasi horini na kutoa samadi. Yeye alikamua ng'ombe watatu kwa mikono, katika baridi ile inayokausha vidole.

Saa kumi na mbili mtungi ulikuwa barabarani, juu ya mkokoteni wa punda. Karani wa ushirika alipima, akaandika kilo kitabuni. Jina kwenye kitabu lilikuwa la baba.

Niliona ni kawaida tu, mpaka nilipoanza kusoma historia. Enzi za ukoloni, ng'ombe wa gredi walikuwa karibu wote wa walowezi, na hata KCC waliianzisha wao, mwaka wa 1925. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ndio uliowafungulia Waafrika wengi njia ya kufuga ng'ombe hao. Lakini ulikuja pamoja na hatimiliki za ardhi, na hati hizo ziliandikwa zaidi majina ya wanaume. Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza 1962, ukagawa mashamba ya walowezi kwa mtindo uleule. Basi mwenye hati akawa mwanachama, na mwanachama ndiye akalipwa.

Mama naye alikuwa na hesabu yake. Maziwa ya jioni hayakwenda ushirika. Tulitoa ya chai, yaliyobaki akawauzia majirani kikombe kwa kikombe, pesa akafunga kwenye pindo la leso. Leso hiyo ndiyo iliyoninunulia madaftari na viatu. Hakuna karani aliyeyaandika maziwa hayo popote, ndiyo maana huyaoni kwenye historia.

Baba alipofariki, Mama alienda kuulizia malipo ya mwezi ule. Akaambiwa alete kwanza barua ya chifu, kuthibitisha kwamba anamjua mwenye namba. Ati anamjua! Ng'ombe wenyewe walikuwa wakiteremsha maziwa wakisikia sauti yake tu.

Aliifuata hiyo barua, akaipeleka. Jioni ile akarudi zizini, akakamua.