Mwanza hadi Dar, Kupitia Nairobi

Hati yangu ya kusafiria ya dharura bado ninayo, ndani ya bahasha ya kaki, chini ya vyeti vya watoto. Ukurasa mmoja una mihuri minne: kutoka Sirari, kuingia Isebania, kutoka Namanga, kuingia Namanga. Mjukuu wangu aliiona juzi akauliza, "Bibi, Kenya ulienda kufanya nini?" Nikamwambia sikwenda Kenya, nilikuwa naenda Kariakoo.

Alicheka, na simlaumu. Yeye anapanda basi Nyegezi alfajiri, anashuka Mbezi usiku huohuo analalamika mgongo. Enzi zetu mtu wa Mwanza aliyetaka kwenda Dar es Salaam alikuwa na njia tatu, na kila moja ilikuwa na adhabu yake. Treni ilikulaza njiani siku mbili, ikiwa haina matatizo. Basi la Singida lilikwenda siku mbili wakati wa kiangazi, na masika Mungu ndiye aliyejua. Basi la Nairobi lilizunguka karibu kilomita 1,600 badala ya 1,100 na ushee, likavuka mpaka mara mbili, na mara nyingi ndilo lililotangulia kufika.

Watu wakisikia habari za hii njia ya tatu hudhani ulikuwa ujanja wa wafanyabiashara wa miaka ya themanini na tisini. Sikubali. Ile ni njia ya zamani ya Mwanza, iliyotangulia reli yetu wenyewe.

Kabla ya reli yoyote, safari ya Pwani ilipita Tabora, kwa miguu. Burton na Speke walitoka Pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, mwezi Novemba. Mwaka uliofuata Speke alimwacha mwenzake pale akipanda kaskazini. Alitoka Julai, na mwanzoni mwa Agosti akaliona ziwa kwenye upande huu wetu wa Mwanza. Mizigo ya misafara ilikuwa begani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, na mtu mmoja alibeba hata frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Babu yake mama alikuwa mmoja wao. Mama alituambia begani alikuwa na sugu ngumu kama kisigino, na watoto walipewa ruhusa ya kuigusa siku za sikukuu.

Mwaka 1901 Waingereza wakafikisha Kisumu reli yao iliyotoka Mombasa, na hapo mambo yakageuka. Mwanza ulikuwa mji mchanga, Wajerumani waliuanzisha 1892, na sasa ukapata mlango wa nyuma ulio mzuri kuliko wa mbele. Pamba, ngozi na karanga zilipakiwa melini hadi Kisumu, kisha zikapanda treni ya Waingereza hadi Mombasa. Bendera iliyopepea Mwanza ilikuwa ya Mjerumani, ila malipo ya kusafirisha yalikwenda kwa jirani yake. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliianza Dar mwaka 1905, ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ilitupita kusini. Vita ikaja, Wajerumani wakaondoka, na kipande cha Tabora hadi Mwanza kilikuja kukamilishwa na Waingereza mwaka 1928. Hesabu mwenyewe: kwa miaka 27 filimbi ya treni ya Mwanza ilikuwa inalia Kisumu.

Hata baada ya hapo mazoea hayakufa. Baba yangu alikuwa karani kwenye kinu cha pamba, na safari zake za Pwani miaka ya sitini alizianzia kwenye maji. Aliipanda Victoria, meli iliyoanza kazi 1961, akalala humo, akashuka Kisumu, akashika treni ya Nairobi. Alikuwa na hoja moja tu ya kuitetea njia hiyo: vikombe vya chai vilikuwa vyeupe na havikupasuka midomo. Reli ya Tabora aliiita "njia ya mizigo", na akilisema neno hilo alikunja pua.

Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikasambaratika, na ule mlango wa nyuma ukapigwa komeo mpaka Novemba 1983. Kwa hiyo safari yangu ya kwanza, mwaka 1982, ilikuwa kwa hiyohiyo njia ya mizigo. Sikuwa na pa kuchagua.

Nilikata daraja la tatu. Kutoka Mwanza hadi Tabora ni kama kilomita 380, na treni ilizila taratibu: Malampaka, Shinyanga, Isaka, Bukene. Kila stesheni kina mama walikuwa wamejipanga na masinia kichwani, usawa wa dirisha, nawe unanunua umeketi. Tabora tulifika usiku. Nilikuwa sijui kwamba pale mabehewa ya Mwanza huunganishwa na ya Kigoma, yawe treni moja ya kwenda Dar. Nikashtuka usingizini kwa kishindo: behewa lilisukumwa nyuma, dumu la maji likaanguka, mtoto akalia, taa zikazimika. Mzee mmoja chini ya benchi, maana alilala chini ya benchi, akasema bila kufungua macho, "Tulia mwanangu, ni wa Kigoma hao wanabisha hodi."

Kutoka hapo ni kama kilomita 840 zilizobaki. Itigi maji yalikuwa yameniishia. Saranda nilinunua kuku, Dodoma zabibu, na Kimamba nikaona mkonge umepangwa mistari hadi macho yakachoka. Dar nilishuka na vumbi masikioni, miguu imevimba kama ya mjamzito.

Baadaye niliingia biashara ya dagaa, na hapo ndipo nilipojifunza kulinganisha njia vizuri. Mwaka 1990 nilijaribu basi la Singida kwa sababu wakala aliapa barabara imekauka. Jina la kampuni silitaji. Kuna mbuga inaitwa Wembere, kati ya Igunga na mlima wa Sekenke, na udongo wake ni mweusi, mzito, unanata kama ugali wa mtama. Basi liliingia humo saa kumi jioni likakaa. Tulilala usiku wa kwanza vitini. Asubuhi wanaume wakakata miti, wakaiweka chini ya tairi, tairi zikaimeza. Usiku wa pili tulilala kwenye matope yaleyale, safari hii njaa ikiwa abiria mwenzetu. Siku ya tatu lori la ng'ombe likatuvuta. Tukafika Sekenke, na pale mlimani sote tukaambiwa tushuke, tupande kwa miguu, huku utingo akifuata basi kwa nyuma na kigogo mikononi, tayari kukitupia chini ya gurudumu likirudi nyuma. Nilipanda mlima ule nimevua viatu, nikaapa.

Kiapo changu kilinipeleka Nairobi. Mpaka ulikuwa umeshafunguliwa miaka kadhaa, na mabasi yalikuwa yakiondoka Mwanza kupita Magu, Bunda na Tarime, yakivuka Sirari, kisha Kisii na Nakuru, Nairobi kwenyewe, halafu Namanga, Arusha, Moshi, na ile barabara ndefu ya Korogwe hadi Chalinze. Yapo mengine yaliyokatiza Serengeti moja kwa moja hadi Arusha, ukalipa kiingilio cha hifadhi ili uwaone nyumbu kwa dakika ishirini. Mimi nilipendelea lami, na lami nyingi ilikuwa Kenya.

Ila dagaa hawavuki mpaka kirahisi hivyo. Gunia la biashara pale Sirari lingetaka makaratasi, na likivushwa lingetaka mengine Namanga, kana kwamba Dar ni nchi ya tatu. Kwa hiyo nikaanza kujigawa: dagaa walikwenda kwa behewa la mizigo kupitia Tabora, mimi nikaenda kwa basi kupitia Nairobi na mkoba mmoja. Nilifika kabla yao, nikapata muda wa kuoga, kuzungumza bei Kariakoo, kisha nikaenda stesheni kuwasubiri. Kumbe Baba hakukosea. Watu kwa Nairobi, mizigo kwa Tabora. Kilichobadilika ni vikombe tu: sisi chai tulinywea kwenye plastiki.

Wako waliotuona tunajidhalilisha, raia kuomba hati ya kuvuka nchi ya watu ili afike mji mkubwa wa nchi yake. Nami niliwahi kuona aibu, mara moja, Isebania, ofisa aliponiuliza niendako nikajibu Dar es Salaam, akatazama muhuri wa kule nilikotoka, akatazama tena uso wangu. Lakini mwenye kuona aibu ilipaswa awe barabara.

Lami ya Dodoma, Singida na Nzega ilipokamilika, miaka ya 2000, mabasi ya Nairobi yalipungua abiria wa Dar bila tangazo lolote. Wembere leo inavukwa abiria amelala. Kwa muda mrefu ilibaki kero moja, ile amri ya miaka ya tisini ya mabasi kutosafiri usiku, mpaka ilipoondolewa 2023. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar hadi Dodoma, na kipande cha kutoka Isaka kuja kwetu ujenzi wake ulianza 2021. Mjukuu wangu anaisubiri kama mimi nilivyosubiri mwezi wa kuandama.

Kwa hiyo ukiniuliza leo ninachoshauri: kama una mkoba tu, panda basi Nyegezi, chukua kiti cha upande usiopigwa na jua la mchana, na maji lita moja na nusu. Kama una gunia la dagaa, lipeleke stesheni, hakikisha jina limeandikwa kwa wino usiofutika, na usilipokee Dar kabla ya kulipima tena.