Jinsi ya kuchagua mfumo huria wa tarakilishi

MNAMO Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za kuziba nyufa za usalama katika Windows 10. Tarakilishi nyingi zenye mfumo huo hazitimizi masharti ya Windows 11, inayodai prosesa ya kisasa na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0.

Mwenye mashine ya aina hiyo si lazima aitupe. Ipo mifumo huria ya uendeshaji, ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili, kuigawa na hata kuibadilisha, na mingi hupatikana bila malipo.

Mingi kati yayo imejengwa juu ya Linux, kiini kilichobuniwa mnamo 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Kiini ni kimoja, lakini kila kundi hukifungasha pamoja na programu linazozipendelea. Ndiposa kuna matoleo mengi mno, na mgeni huchanganyikiwa.

La kutangulia ni kuchunguza mashine yenyewe. Tarakilishi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 huweza kuendesha Linux Mint, ambayo menyu yake humpunguzia ugeni aliyezoea Windows. Ikiwa kumbukumbu ni gigabaiti 2, ni heri kutafuta toleo jepesi kama vile Lubuntu. Hata hivyo, kivinjari chenye kurasa kumi wazi kitailemea mashine hiyo, mfumo uwe mwepesi kiasi gani; anayeahidiwa kwamba Linux itaifanya iwe mpya anadanganywa. Mashine kongwe za biti 32 zina shida zaidi, kwani Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haina tena kisakinishi chake.

La pili ni muda wa kuhudumiwa. Ubuntu, iliyoanzishwa 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, hutoa kila baada ya miaka miwili toleo la LTS linalorekebishwa bure kwa miaka mitano. Hilo laifaa shule au ofisi isiyo na fundi wa kudumu. Fedora hutoka takriban kila miezi sita, na humfaa apendaye mambo mapya na asiyechoka kusasisha.

Wanaoendesha seva walipata funzo Desemba 2020, ilipotangazwa kwamba CentOS Linux 8, iliyotarajiwa kuhudumiwa hadi 2029, ingekoma mwishoni mwa 2021. Wengi walilazimika kuhamia AlmaLinux na Rocky Linux, zilizozuka kujaza pengo hilo.

Kazi ya mtumiaji ndiyo huamua mengine. LibreOffice inatosha kwa barua na hesabu za kawaida, lakini faili za Excel zenye makro huenda zikakataa kufanya kazi, nayo Photoshop haina toleo la Linux. Anayetegemea programu kama hizo kwa riziki yake afikirie mara mbili.

Kabla ya kusakinisha, mfumo unaweza kujaribiwa kutoka kwa flashi diski bila kugusa chochote kilicho ndani ya tarakilishi. Wakati huo ndio wa kupima Wi-Fi, sauti na printa. Ukiridhisha, nakala za faili zote zihifadhiwe kwingine kwanza, kwa sababu kusakinisha kwa kutumia diski nzima hufuta kila kilichokuwamo.