Ramani ya siri yageuka hazina ya watafiti

Vita vya Miaka Saba vilipomalizika mwaka 1763, Maria Theresa wa Austria aliamuru milki yake ipimwe na kuchorwa. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1787, enzi ya mwanawe, Joseph II.

Maafisa wa jeshi walichora kwa mkono maelfu ya karatasi kwa kipimio cha 1:28,800. Zilikuwa siri ya kijeshi. Leo zimehifadhiwa Vienna.

Watafiti huzilinganisha na picha za setilaiti ili kujua mito ilipita wapi kabla ya kunyooshwa, na vinamasi na misitu gani imetoweka. Hata hivyo, upimaji ule haukuwa na mtandao mmoja wa pembetatu, hivyo umbali hupotoka. Makanisa ya kale, ambayo hayakuhamishwa, ndiyo hutumika kuusahihisha.