Mchezo uliojaza watu kabla ya kufunguliwa

Leo ni historia. Wale wa uhandisi mnivumilie kidogo.

Swali: ni mchezo gani wa nyimbo uliotazamwa na maelfu ya watu hapa Nairobi lakini usiku wake wa ufunguzi haukuwahi kufika? Jibu ni Maitũ Njugĩra, yaani Mama Niimbie, wa Ngũgĩ wa Thiong'o. Na watu waliutazamia hapa hapa kampasi, Theatre II, ukumbi ambao wengine wetu tunaujua kwa kusinzia tu tukimngoja mhadhiri.

Ili uelewe lazima turudi 1977. Mwaka huo Ngũgĩ alitoa riwaya kwa Kiingereza, Petals of Blood, inayowachambua matajiri wapya wa Kenya bila huruma. Serikali ilifanya nini? Ilikuja kwenye uzinduzi! Waziri Mwai Kibaki ndiye aliyekizindua kitabu. Hakuna aliyekamatwa.

Miezi michache baadaye, tarehe 2 Oktoba, Ngũgĩ na mwenzake Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakafungua mchezo wa Ngaahika Ndeenda kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Ukisoma tafsiri yake ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda, utaona maneno yake hayazidi yale ya riwaya kwa ukali. Lakini huu ulikuwa kwa Kikuyu, wachezaji ni wakulima, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda, na ukumbi wenyewe wa wazi, unaokalisha watu zaidi ya 2,000, wanakijiji waliujenga kwa mikono yao. Kabla Novemba haijaisha kibali kilikuwa kimefutwa, na siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ akachukuliwa nyumbani kwake na kuwekwa kizuizini Kamiti bila kesi. Alitoka Desemba 1978.

Kwa hiyo mimi siamini ile hoja kwamba shida ilikuwa "siasa za Ngũgĩ". Siasa zilikuwa zile zile kwenye kitabu. Shida ilikuwa ni nani anaimba, na nani anasikia.

Hili nililiona mwenyewe Mei 2022, Ngaahika Ndeenda iliporudi na kuchezwa Kenya National Theatre. Ilikuwa na maonyesho ya Kiingereza na ya Kikuyu, nami kwa ubishi nikaenda ya Kikuyu. Kikuyu changu ni cha kununua sukuma wiki tu, manake nyumbani hatukiongei. Maongezi mengi yalinipita. Lakini zikianza nyimbo, wazee waliokaa nyuma yangu wanaitikia kabla hata wachezaji hawajamaliza mstari, unajikuta mguu unagonga sakafu na unajua kabisa nani ananyang'anywa shamba. Kitabu hakiwezi kukufanya hivyo, hata kiwe kizuri namna gani.

Basi turudi kwa Maitũ Njugĩra. Mchezo huu ulikuwa wa nyimbo zaidi hata kuliko ule wa kwanza. Hadithi yake ni ya miaka ya 1930, enzi za kipande na sheria za kikoloni za kazi, na nyimbo zilitoka katika lugha kadhaa za Kenya, sio Kikuyu peke yake. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipokuwa hatari zaidi, kwa sababu ile lawama ya ukabila isingeshika. Halafu safari hii hawakutaka kubaki Limuru. Walikodi Kenya National Theatre, pale mkabala na hoteli ya Norfolk, wafungue tarehe 19 Februari 1982.

Ukumbi huo una kisa chake. Ulifunguliwa 1952, mwaka ule ule wa Hali ya Hatari, na hata baada ya uhuru wazalendo walikuwa bado wanaupigania. Mwaka 1976, The Trial of Dedan Kimathi, ambao Ngũgĩ aliuandika na Mĩcere Gĩthae Mũgo, ulipewa siku chache tu. Sasa fikiria wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ wanakuja kuimba humo!

Kibali hakikutoka. Siku ya kufungua, wachezaji walikuta milango imefungwa na polisi wako pale.

Lakini mazoezi yalikuwa yanafanyika chuo kikuu, Theatre II, na mazoezi hayakatazwi, si ndiyo? Watu wakaanza kuja kutazama mazoezi. Siku ya pili wakaja wengi zaidi. Wengine walitoka mbali na jiji, ukumbi ukafurika. Kwa hesabu ya Ngũgĩ mwenyewe, waliouona mchezo kwa namna hiyo walizidi 10,000 kabla chuo hakijaamriwa kuwafungia mlango, mwezi huo huo wa Februari.

Machi serikali ilikipiga marufuku kituo cha Kamĩrĩĩthũ, kisha malori ya polisi yakaenda kuubomoa ule ukumbi wa wazi hadi chini. Hebu waza, polisi wenye silaha wanapigana na jukwaa. Baadaye ikajengwa hapo polytechnic.

Ngũgĩ alikwenda London mwezi Juni kuzindua kitabu, akapata habari kwamba akirudi atakamatwa. Hakukanyaga Kenya tena hadi 2004. Alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Kĩmani Gecaũ, aliyekuwa mwongozaji, walikimbilia Zimbabwe. Nchi hiyo ilikuwa na uhuru wa miaka miwili tu, nao wakaanza tena kazi ile ile, michezo ya kuigiza na watu wa vijijini.