Katama Mkangi na Chombo cha Angani

Hadithi za safari za angani aghalabu hudhaniwa kuwa mali ya Ulaya na Marekani. Huko Marekani, tangu miaka ya 1930, wapenzi wa hadithi hizo walijichapishia vijarida vyao na kuandikiana humo pasipo malipo. Hata mwaka 1967 tuzo ya Hugo ikatenga nafasi ya kumtukuza mwandishi wa vijarida vya namna hiyo. Mwandishi wa Kiswahili hakuwa na baraza kama hiyo. Hata hivyo, alikuwapo mmoja aliyeirusha lugha yetu hadi sayari nyingine, naye ni Katama Mkangi.

Mkangi alizaliwa mwaka 1944 katika pwani ya Kenya. Kazi yake ilikuwa kufundisha elimu-jamii katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Uandishi ulikuja pembeni. Riwaya yake ya kwanza, Ukiwa, ilitoka mwaka 1975, ikafuatwa na Mafuta mwaka 1984. Mwaka 1986 serikali ilipowasaka waliotuhumiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, naye alikamatwa akawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani.

Walenisi ilichapishwa mwaka 1995. Shujaa wake, Dzombo, amehukumiwa kufa, na adhabu yenyewe ni kufungiwa katika chombo na kurushwa angani. Dzombo hafi. Anakimudu chombo kile, anatua katika nchi ngeni ambamo watu huishi kwa usawa, na huko anajifunza upya maana ya kuwa binadamu. Jina la nchi hiyo ni fumbo jepesi, nalo huwafurahisha sana wanafunzi wanapoling'amua: wale ni sisi.

Ni vigumu kuisoma hukumu ile bila kumkumbuka mwandishi aliyekwisha kuonja kifungo. Wahakiki wameliona hilo, wakamsifu Mkangi kwa kuwatetea wanyonge. Sifa hiyo ni ya haki, lakini kwa maoni yangu ni nusu tu ya haki yake. Chombo hutajwa kwa haraka, kana kwamba ni gari la kumfikisha msomaji kwenye siasa, ilhali ubunifu wenyewe umo humo: mtu peke yake, mitambo asiyoijua, na akili yake ndiyo silaha pekee.

Kwetu sisi tunaofundisha hapa Ruhwa, mpakani mwa Burundi, jambo hili si dogo. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini wanafunzi wengi wamekijua kwanza kuwa lugha ya soko na ya madereva wa malori. Wakikutana na Dzombo, huuliza maswali ya mitambo na nyota, tena kwa Kiswahili.

Mwaka 1997 Mkangi aligombea urais wa Kenya kwa tiketi ya chama cha Kenya National Congress, akashindwa. Alifariki mwaka 2004.