Gramu 10 kutoka Siberia hadi Mbozi

Msimu wa mvua unapokaribia, miti ya Mbozi, mkoani Songwe, hupata wageni wadogo: ndege wa rangi ya kijani-kahawia, tumbo la manjano hafifu, na mstari mwembamba juu ya jicho. Uzito wa mmoja ni kama gramu 10. Mkulima wa kahawa wa Vwawa aweza kumwona akidonoa wadudu majanini hadi Machi. Aprili ikipita, hamwoni tena. Kitaalamu anaitwa Phylloscopus trochilus.

Ulaya, anakozaliana, alisumbua vichwa vya wataalamu. Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Sweden alimpa jina, akamweka kundi moja na ndege watikisao mkia. Katika kitabu hichohicho akampa jina jingine, acredula, kana kwamba ni ndege wawili. Miaka 10 baadaye, kasisi Gilbert White wa kijiji cha Selborne, Uingereza, alibaini kwamba ndege waliohesabiwa kuwa aina moja walikuwa aina tatu, huyu wa Mbozi akiwa mmoja wao. Kwa manyoya walikaribia kufanana. Nyimbo zao ndizo zilizowatenga.

Safari nazo huwatenga. Wa kwanza huishia zaidi nchi za Mediterania na ukingo wa Sahara. Wa pili hukimbilia misitu ya Afrika Magharibi na Kati. Huyu wa tatu huteremka hadi kwetu, na wengine hufika Afrika Kusini. Mwaka 1935 mtaalamu wa ndege Claud Ticehurst alitambua tawi lake la Siberia lenye rangi ya kijivu zaidi, akaliita yakutensis. Acredula nalo limebaki kuwa tawi tu.

Upande wa Afrika ulihitaji mtu wake. Reginald Moreau alianza kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, mwaka 1928, akavutwa na ndege wahamiaji. Kitabu chake, kilichotoka 1972 baada ya kifo chake, kilikadiria kuwa ndege wa nchi kavu wapatao bilioni 5 huja Afrika kila mwaka. Mwaka 2018 watafiti walitangaza safari za yakutensis waliofungwa vifaa vidogo mashariki ya mbali ya Urusi: karibu kilomita 13,000 hadi Afrika Mashariki.

Ndege huyu hubadili manyoya yote mara mbili kwa mwaka, jambo adimu kwa ndege. Mara moja kaskazini, mara ya pili Afrika. Manyoya ya mabawa ya kumrudisha akazaliane huota huku, kwa nguvu ya wadudu wa miti yetu. Kwa hiyo miti inayokatwa kwa mkaa mkoani Songwe haipungui kwa wenyeji peke yao.