The Constant Gardener
The Constant Gardener ni filamu ya kusisimua ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Mbrazili Fernando Meirelles kutokana na riwaya ya John le Carré ya 2001. Justin Quayle (Ralph Fiennes), mwanadiplomasia mpole wa Uingereza jijini Nairobi, anachunguza kifo cha mkewe Tessa, aliyeuawa karibu na Ziwa Turkana baada ya kufuatilia majaribio ya dawa ya kifua kikuu kwa maskini. Wauaji wanamgeukia yeye. Hadithi inafika Lokichoggio, iliyokuwa kituo cha misaada kwenye barabara itokayo Lodwar kupitia Kakuma. Loiyangalani, ng'ambo ya mashariki ya ziwa, ilitumika kupigia picha; watengenezaji walianzisha mfuko wa kuwafaa wakazi wake na wa Kibera, tendo la heshima. Rachel Weisz, aliyeigiza Tessa, alitunukiwa Oscar.